Silabi Iliyochelewa

Siku chache kabla ya Idi iliyopita, jirani yetu mmoja alitandika kitanda cha pili chumbani mwake, akaagiza mbuzi, na akawapasha habari jamaa wa Kisauni na wa Likoni kwamba bintiye anarudi. Binti huyo anafanya kazi Jeddah, katika nyumba ya watu, na simu huruhusiwa kuishika baada ya Isha tu, kazi zinapokwisha. Usiku huo mama alimwuliza, "Mwanangu, Idi utakuja?" Akajibiwa, naye akalisikia jibu kwa masikio yake mawili: "...takuja, mama." Kilichokosekana mbele ya neno hilo alikijaza mwenyewe, na alikijaza kwa kile alichokuwa akikiomba. Binti alikuwa amesema "sitakuja".

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Yatosha kusema kwamba kwa siku tatu mama na mwana hawakusemezana, huyu akidai amedanganywa, yule akidai alisema wazi. Wote wawili walikuwa wakweli. Silabi moja haikufika sikioni kwa wakati, na huenda hata haikupotea; aghalabu silabi kama ile hufika, ila huwa imechelewa, na simu humtupa aliyechelewa. Makala ya juma hili yataeleza kwa nini simu hufanya hivyo, na kwa nini haina budi.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwani ina mchango wake katika mkasa huu. Kiswahili hubeba ukanushaji mwanzoni kabisa mwa kitenzi, na hubeba kwa sauti ndogo mno. "Nitakuja" na "sitakuja" zimetenganishwa na silabi moja. "Atapona" na "hatapona" zimetenganishwa na pumzi ya herufi moja tu, na fikirini ni nani huulizwa swali la namna hiyo, tena saa ngapi za usiku. Ukilipoteza neno la katikati ya sentensi, maana hujikongoja ikafika. Ukiipoteza ile pumzi ya mwanzo, maana hugeuka kinyume chake, na sentensi iliyobaki husikika safi, haina kovu.

Sasa tuifuate sauti yenyewe. Simu ya waya ya zamani ilifunguliwa njia yake kutoka nyumba hadi nyumba, na mazungumzo yakiisha njia hiyo ilifungwa. Simu ya intaneti haina njia ya peke yake. Simu ya binti huikatakata sauti yake vipande vidogo, aghalabu kila kimoja cha milisekunde 20, yaani sehemu ya hamsini ya sekunde. Kila kipande hutiwa katika pakiti, pakiti hupewa namba ya zamu na saa yake, kisha hutumwa. Pakiti 50 huondoka kila sekunde anayozungumza. Silabi "si" huweza kuchukua pakiti tano hadi kumi; ile "h" ya "hatapona" huenda ikawa tatu au nne tu. Pakiti hizo zote huingia barabara moja na picha za watu, filamu za watoto na biashara za mabenki, na hakuna anayezipisha.

Wengi hudhani umbali ndio adui. Sivyo. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo masafa ya kilomita 5,000 chini ya bahari huvukwa kwa milisekunde 25 hivi. Tangu mwaka 2009 ufuo wetu wa Mombasa umekuwa mlango wa nyaya hizo. Waya wa TEAMS unatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ukatue hapa hapa. Bahari ni sehemu tulivu ya safari. Fujo liko nchi kavu: kwenye waifai ya nyumbani, kwenye mnara wa simu ambao mtaa mzima umeutegemea baada ya Isha, na kwenye vituo ambako mitandao hupokezana mizigo. Huko kuna foleni, na urefu wa foleni hubadilika kila kukicha jicho. Pakiti moja hupita kwa milisekunde 70; ndugu yake iliyofuata nyuma yake hukwama na kuchukua 130. Tofauti hii ya muda wa safari baina ya pakiti na pakiti ndiyo wahandisi huiita jita. Mazungumzo yanaweza kustahimili pakiti kuchelewa, maadamu zote zichelewe sawasawa. Kinachoyavunja ni huku kuchelewa kusikokuwa na mpango.

Dawa yake kila mama wa Pwani anaifahamu, ila hajui kwamba anaifahamu. Una wageni sita mkekani, nawe uko jikoni unapika chapati. Wageni wanakula kwa mwendo wao mmoja. Wewe huwezi kupika kwa mwendo mmoja: moto hupanda na kushuka, donge moja hukwama kwenye kibao, mtoto huingia akalia. Ukipeleka kila chapati inapotoka kikaangoni, kuna wakati wageni watakaa na mchuzi mbele yao, mikono mitupu, wakitazamana. Kwa hiyo hupeleki. Unazitia hotipoti kwanza, tano au sita, ndipo unakaribisha. Tangu hapo moto ukisuasua, wageni hawana habari, kwani wanakula za hotipoti huku wewe unapambana na makaa.

Hotipoti hiyo, ndani ya simu, huitwa bafa ya jita. Ni nafasi ndogo ya kumbukumbu katika simu ya anayesikiliza. Pakiti zikifika hazipelekwi sikioni moja kwa moja. Hukaa humo kitambo, zikapangwa kwa namba zake, kisha hutolewa moja moja kila baada ya milisekunde 20, kwa mwendo uleule zilivyotoka kinywani mwa msemaji.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu hii ni nyepesi kuliko ya kununua samaki. Chukua pakiti tano zilizoondoka Jeddah kwa kufuatana, na safari zao zikachukua milisekunde 70, 75, 72, 130 na 74. Kama simu ya mama ingetoa sauti mara tu ya kwanza ilipofika, ya pili ingechelewa milisekunde tano, na ya nne ingechelewa 60: wakati wa kusikika kwake umekuja na kupita, yeye bado yuko njiani. Tena ya tano ingetangulia ya nne kufika, mdogo akiingia kabla ya mkubwa. Lakini simu ikiizuia pakiti ya kwanza milisekunde 60 kabla ya kuitoa, hesabu yote hubadilika. Ya nne huwasili wakati wake unapofika hasa, ya tano husubiri zamu yake, na mama husikia neno zima kana kwamba hapakuwa na foleni yoyote duniani.

Hapo msomaji atauliza: kwa nini basi simu isingoje sana, ikawa na hotipoti kubwa ya kubeba kila aina ya kuchelewa? Kwa sababu mazungumzo si chakula. Kila milisekunde ya kungoja inaongezwa kati ya kinywa na sikio. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, limeweka mwongozo katika waraka wake uitwao G.114: sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, watu wengi huzungumza bila kuhisi lolote, na mitandao isipangwe kwa kuchelewa zaidi ya 400. Wenye umri wangu wanakumbuka simu za nje za zamani, kabla ya nyaya za bahari, zilipopitia kituo cha setilaiti cha Longonot. Setilaiti zile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka peke yake ni karibu robo ya sekunde. Unasema "Hujambo", kimya. Unasema tena "Hujambo", na jibu la hujambo ya kwanza linagongana na hujambo ya pili. Kila mmoja humwona mwenzake hana adabu ya kungoja.

Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu ya nyumba ninazozijua. Kuchelewa hakusikiki kama hitilafu ya mitambo. Husikika kama tabia ya mtu. Mume aliye Muscat akikawia nusu sekunde kujibu swali la mkewe, mke hasikii foleni ya pakiti, husikia kusitasita. Binti akiingilia maneno ya shangazi yake, shangazi hasikii bafa iliyovimba, husikia utovu wa heshima. Ndiyo maana waundaji wa programu hizi hawawezi kujaza hotipoti wapendavyo. Wakipunguza, silabi zinatupwa. Wakiongeza, watu wanagongana. Ni mizani isiyokuwa na upande wa haki kabisa, na simu huipima upya kila mara bila kutuuliza.

Tena huipima kwa werevu. Bafa ya siku hizi haina ukubwa mmoja. Simu hutazama jinsi pakiti zinavyowasili, ikakadiria jita, ikapanua au kubana kungoja kwake, na hupenda kufanya hivyo msemaji anapovuta pumzi. Ukimya wa milisekunde 300 ukifanywa 340, ni nani atakayejua? Isipowezekana kungoja pumzi, hurefusha irabu au huifupisha. Mmewahi kusikia "ndiyooo" iliyovutwa, kisha maneno matano yakatoka mbio kama yanafukuzwa? Simu ilikuwa inanunua muda kwa ile irabu, kisha inalipa deni. Kanda za kaseti zikilegea, sauti ilishuka ikawa nzito kama ya jini. Hapa sauti hurefuka bila kuwa nzito, na ufundi huo si haba. Kampuni ya Global IP Sound iliyoanzia Sweden ilitengeneza chombo cha aina hii kiitwacho NetEQ. Google ikainunua kampuni hiyo mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaitoa kazi hiyo hadharani ndani ya mradi wa WebRTC, kila mhandisi aitumie.

Na pakiti isipofika kabisa? Simu hujaza pengo. Huchukua sauti ya mwisho iliyoipata na kuirudia kidogo, ikiififiza mpaka kimya. Pengo likiwa fupi hatutambui. Likiwa refu ndipo tunaposikia ile sauti ya bati. Mwezi Aprili 2020 Google ilitangaza hatua ya mbele zaidi katika programu yake ya Duo: mtambo uliofunzwa kwa sauti za watu, uitwao WaveNetEQ, ambao huendeleza sauti ya msemaji mwenyewe juu ya pengo, kwa lafudhi yake. Waliuwekea mpaka wa milisekunde 120, kisha sauti hufifia, ili uweze kumalizia silabi lakini usitunge neno. Mpaka huo ni wa busara. Hata hivyo nakiri kwamba mimi nalipenda zaidi pengo linalosikika. Pengo linalosikika humfanya mtu aulize, "Ulisemaje, mwanangu?" Pengo lililozibwa vizuri halimfanyi mtu aulize lolote.

Nalo hilo linaturudisha kwa jirani yetu. Sauti iliyo katikati ya neno ina jirani zake wa kuikopesha. Lakini "si" ya "sitakuja" ilikuja baada ya kimya, mama akisubiri jibu. Pakiti za mwanzo zikichelewa baada ya kimya, simu haina sauti ya nyuma ya kurefusha. Inachokirefusha ni kimya chenyewe. Basi hapakuwa na bati, hapakuwa na mkwaruzo, wala dalili yoyote kwamba kitu kimeanguka. Sehemu dhaifu kuliko zote katika simu ni ile ambayo lugha yetu imeiweka "ndiyo" na "la".

Kuna jambo la kihistoria linalofaa kujulikana. Sauti haikuanza juzi kupita katika mitandao ya kompyuta. Mwaka 1974, kikundi cha Danny Cohen huko California kiliweza kuzungumza na maabara ya Lincoln huko Massachusetts kupitia mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti. Kanuni za mtandao zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya mafaili: pakiti ikipotea iombwe tena, na nyingine zote zisimame zikiingoja. Kwa barua ni uaminifu mwema. Kwa mazungumzo ni balaa, maana neno la sekunde mbili zilizopita halina mahali pa kukaa. Cohen alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba sauti ipewe njia isiyongoja waliopotea, na hoja hiyo ilichangia kutenganishwa kwa TCP na IP mwaka 1978. Simu yako ya leo usiku inatembea juu ya uamuzi ule. Inakubali kupoteza kidogo ili isimame na wewe katika wakati mmoja.

Ujumbe wa sauti, ule unaorekodi kisha ukautuma, hutembea kwa kanuni ile nyingine ya uaminifu. Hauna bafa ya jita kwa sababu hauna haraka: kipande kikipotea huombwa tena mpaka kifike, na hausikiki mpaka uliyotaka yafike yafike. Kwa hiyo namba ya akaunti, jina na kipimo cha dawa ya bibi, tarehe ya ndege, na kila neno lenye "si" au "ha" ambalo mtu atalifanyia kazi, lisemwe kwa simu kwa ajili ya mapenzi, kisha litumwe kwa ujumbe wa sauti au wa maandishi kwa ajili ya yakini. Hatuoni haya kuandikiana deni. Tusione haya kuandikiana ahadi ya safari.

Ndani ya simu yenyewe, hamtapata kitufe cha kupanua bafa. Programu hizi za kawaida hazitupi. Tunachoweza ni kupunguza jita kabla haijazaliwa, na sehemu kubwa ya jita iko sebuleni mwetu. Mtu mmoja anapopakia video ya harusi wakati mama anazungumza na Jeddah, pakiti za sauti ndogo hupanga mstari nyuma ya mzigo wa video ndani ya ruta. Ruta nyingi zina nafasi kubwa mno ya kuhifadhi mzigo unaosubiri. Ajabu yake ni kwamba hii nayo ni hotipoti, lakini imewekwa mahali pasipofaa: haisawazishi kitu, inarundika tu. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, aliigundua tabu hiyo alipokuwa akituma mafaili kutoka nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa mbinu ya kuitupa mapema pakiti iliyokaa mno foleni, na baadhi ya ruta za leo wanayo. Asiyenayo awaambie vijana wasimamishe upakiaji kwa nusu saa. Vijana watanung'unika. Saa ya binti wa Jeddah ni moja tu.

Sogea karibu na ruta, usizungumze kutoka roshani kwa kuwa kuna upepo. Kuta za matumbawe za Mji wa Kale ni nene na waifai huzipenya kwa taabu, ikirudia kila pakiti mara mbili tatu, na kurudia huko ndiko jita. Zima picha mnapofikia maneno mazito. Tumia visikizi vya masikioni badala ya spika: kwenye spika simu hulazimika kuizuia sauti ya mama isirudi kwa binti kama mwangwi, na wawili wakisema pamoja, huenda ikamkata mmoja wao.

Kisha kuna usemi wenyewe. Usianze jibu kwa neno lenye uzito. Tanguliza neno la kupotea: "Eh mama," au "Nakwambia hivi," ndipo useme. Jibu likiwa la kukana, likane mara mbili kwa maneno tofauti: "Hapana, sitakuja, nimenyimwa likizo." Hata silabi tatu zikianguka, iliyobaki itakwambia. Na anayeuliza asiulize swali la kujibiwa kwa silabi moja, badala ya "Utakuja?" aulize "Idi utakuwa wapi?" Hapo hakuna foleni itakayoigeuza Jeddah ikawa Mombasa.

Wengine wameniuliza iwapo kununua bando la bei kubwa kutaondoa tatizo. Sauti ya simu ni nyepesi mno. Hata kwa kilobiti 40 kwa sekunde inasikika vyema, na hiyo ni chembe tu ya kile ambacho video hutumia. Bando kubwa huongeza upana wa barabara, nalo hilo husaidia pale ambapo nyumba yenyewe ndiyo inayoijaza. Lakini foleni ikiwa iko mnarani, saa tatu za usiku, bando lako la bei litasimama katika mstari uleule na bando la jirani.

Jirani yetu, kwa taarifa yenu, sasa ana daftari karibu na simu. Huandika alichosikia, kisha humsomea bintiye, na binti hujibu kwa sentensi nzima. Mbuzi aliliwa na jamaa wa Likoni.